Meninjite: chanjo ya A, ya makundi matano, ACWY au B? Ulinganisho kwa mtu wa Goma

Ndani ya mwezi mmoja watu watatu wameniuliza kuhusu chanjo ya meninjite, na hakuna hata wawili kati yao waliofaa kupewa jibu moja. Mjomba wangu, mwenye duka la vitenge pale Birere, anajiandaa kwenda hija. Mpwa wangu wa miaka 20 amepata nafasi ya chuo Uingereza. Na jirani yetu wa Ndosho, Mama Neema, ana mtoto wa miezi mitatu na masikio yanayodaka kila uvumi wa mtaa. Huyo ndiye aliyeuliza bila kuzunguka: "Yaya, iko bei gani? Unitafutie ile inakinga yote."

Inayokinga yote haipo. Nilipomwambia hivyo alinitazama kama muuza farmasi anayeficha dawa nzuri chini ya meza. Basi nikakaa naye, na haya ndiyo niliyomweleza, pamoja na mengine ambayo yangemchosha.

Kwanza jina. Homa ya uti wa mgongo, ambayo sisi hapa tunaiita meninjite, si ugonjwa mmoja. Huletwa na bakteria wa pneumokoki, na bakteria mwingine aitwaye Hib, na kifua kikuu, na virusi, hata na fangasi. Ninayolinganisha hapa ni ile ya meningokoki, bakteria anayejificha kooni kwa watu wengi bila kuwadhuru, kisha siku moja akaingia kwenye damu ya mmoja wao na kumuua ndani ya saa 24 au 48. Meningokoki naye ana makundi. Karibu ugonjwa wote duniani hutoka kwa makundi sita: A, B, C, W, X na Y. Kila chanjo ina herufi zake, na hakuna inayobeba zote sita. Hata zile mpya zilizopitishwa Marekani tangu 2023, zenye A, B, C, W na Y pamoja, hazina X.

Namba mbili ambazo watu huzichanganya

Kabla ya kuchagua, tenganisha namba mbili. Ya kwanza: kati ya watu 100,000, wangapi wanaugua kwa mwaka. Ya pili: kati ya waliokwisha kuugua, wangapi wanakufa. Mtu akikuambia "meninjite imepungua", muulize anasema ipi, kwa sababu ya kwanza imeporomoka sehemu nyingi za dunia, na ya pili imegoma.

Tuanze na hiyo iliyogoma. Mwanzoni mwa karne ya 20, kabla ya tiba yoyote, katika wagonjwa 10 walikufa saba, nane, mara nyingine zaidi. Mwaka 1913 Simon Flexner wa New York alitoa hesabu ya wagonjwa wapatao 1,300 waliotibiwa kwa seramu (maji ya damu yenye kinga) ya farasi: karibu 31 kati ya 100 walikufa, na wakati ule hiyo ilikuwa habari njema. Kuanzia 1937 zikaja dawa za sulfa, baadaye penisilini, na vifo vikashuka hadi karibu 10 kati ya 100. Hapo vikakaa. Miaka zaidi ya themanini imepita, tuna antibiotiki kali kama seftriaksoni, tuna vyumba vya wagonjwa mahututi, na Marekani kwenyewe bado wanazika 10 hadi 15 kati ya kila wagonjwa 100. Wanaopona, mmoja hadi wawili kati ya kumi hubaki na alama: uziwi, kidole au mguu uliokatwa, akili isiyorudi sawa.

Sasa angalia Afrika. Mlipuko mkubwa wa 1996 na 1997, katika ukanda unaotoka Senegal hadi Ethiopia, ulikuwa na wagonjwa zaidi ya 250,000 na vifo 25,000. Gawanya mwenyewe: mmoja kati ya kumi. Nigeria mwaka 2017, kundi C: zaidi ya wagonjwa 14,000, vifo 1,166. Kama nane kati ya 100. Miaka 20 katikati, na namba ya pili haikusogea sana. (Usilinganishe hizi na za Marekani kana kwamba ni kilo kwa kilo. Kule wanahesabu waliothibitishwa maabara, kwetu milipuko huhesabu wanaoshukiwa.)

Lakini tofauti ya namba ya kwanza ni mbingu na ardhi. Marekani sasa ni kama mgonjwa mmoja kwa watu milioni kwa mwaka, yaani 0.1 kwa 100,000. Katika ukanda wa meninjite, mlipuko hutangazwa wakifika wagonjwa 10 kwa watu 100,000 kwa wiki moja. Soma tena: kwa wiki. Na katika milipuko mikubwa ya zamani, mji uliweza kupata mgonjwa mmoja kwa kila watu 100 kabla mvua haijanyesha.

Hapo ndipo ninapoanzia kila ulinganisho wa chanjo. Chanjo hushusha namba ya kwanza. Namba ya pili haiguswi na chanjo. Inaguswa na saa unayofika hospitali.

Michoro mitatu inayoshuka

Kampuni, serikali na mashirika wote hupenda kuonyesha mchoro unaoshuka. Nimeiweka mitatu ubavu kwa ubavu, na haisemi kitu kimoja.

Wa Chad ndio safi kuliko yote. Mwishoni mwa 2011 walichanja mikoa mitatu, ukiwemo mji wa N'Djamena, kwa MenAfriVac, chanjo ya kundi A pekee. Mikoa mingine ilikuwa ikisubiri zamu. Msimu wa ukame wa 2012 ukaja: mikoa isiyochanjwa ikapata wagonjwa karibu 44 kwa watu 100,000, iliyochanjwa 2.5. Nchi moja, vumbi lilelile, mwaka uleule. Kundi A halikuonekana kabisa kwa waliochanjwa. Tangu 2017 hakuna mgonjwa hata mmoja wa kundi A aliyethibitishwa Afrika. Kitu kilichoua babu zetu kwa zaidi ya miaka mia kimezimwa na sindano iliyouzwa chini ya nusu dola.

Wa Uingereza nao unaaminika. Mnamo Novemba 1999 walianza chanjo ya C, wa kwanza duniani. England ilikuwa na kesi 2,595 zilizothibitishwa, za makundi yote, katika msimu wa 1999/2000, na 636 katika ule wa 2013/2014. Kilichonivutia ni kwamba hata vijana wasiochanjwa waliugua kidogo, kwa kuwa chanjo ilimfukuza bakteria kooni mwa waliochanjwa, asipate wa kumpanda.

Wa Marekani ndio unaohitaji jicho kali. Kesi zilianza kushuka mwishoni mwa miaka ya 1990. Chanjo ya ACWY ya vijana ilipendekezwa 2005. Ya kundi B haikupata ruhusa hadi mwisho wa 2014, na kundi B lilikuwa limeshaanza kushuka miaka mingi kabla. Sehemu ya mteremko ule haikuletwa na chanjo. Hata wenyewe hawajaumaliza ubishi wa sababu: sigara kupungua, nyumba zisizobanana, au bakteria mwenyewe kubadilika. Kisha baada ya Covid namba ikapanda, na 2024 walihesabu kesi 503, nyingi kuliko mwaka wowote tangu 2013. Kwa hiyo mtu akikuonyesha mchoro, usitazame mwisho wake. Tazama ulianza kushuka lini, na chanjo iliingia lini.

Banalia, au kwa nini herufi ni muhimu kuliko bei

Kwetu Kongo, ukanda wa meninjite unagusa kaskazini ya nchi tu. Goma yetu, na mvua zake karibu mwaka mzima na baridi ya ziwa, iko nje. Mwaka 2016 mkoa wa Tshopo ulichanja zaidi ya watu milioni 1.6 kwa chanjo ya A. Miaka mitano baadaye, tarehe 7 Septemba 2021, ukatangazwa mlipuko wa meninjite Banalia, mkoa uleule wa Tshopo.

Ndipo niliposikia watu hapa wakisema chanjo ni uongo. Haikuwa uongo. Maabara ilikuta kundi W. Chanjo ya A ilifanya kazi yake dhidi ya A. Dhidi ya W ilikuwa kama kufuli la mlango wa jirani.

Ila Banalia inafundisha kitu kingine, na hiki ndicho ninachokirudia kwa kila anayeniuliza. Siku ya kutangazwa, kulikuwa na kesi 261 na vifo 129. Nusu. Mwisho wa mlipuko hesabu ilikuwa kesi 2,662 na vifo 205, chini ya nane kati ya 100. Ukitoa zile za mwanzo, waliobaki ni kesi 2,401 na vifo 76: kama watatu kati ya 100. Kweli, waganga walipofika walianza kuhesabu hata wagonjwa wepesi, na hilo lenyewe hushusha asilimia. Lakini kilichofika pamoja nao ni seftriaksoni, na watu wa kuichoma siku ileile. Chanjo ya ACWY ilifuata baadaye. Namba ya pili ilianguka kwanza.

Chanjo zenyewe, moja baada ya nyingine

Ya zamani, ya sukari tupu. Hii imetengenezwa kwa ganda la sukari la bakteria peke yake. Kwa mtoto chini ya miaka miwili haifai kitu cha maana, kinga yake huisha baada ya miaka mitatu hivi, na haimtoi bakteria kooni. Ukiona boksi halina neno "conjugué" (iliyoshikanishwa na protini) wala halitaji protini yoyote iliyoshikanishwa, uliza kabla ya kulipa. Sehemu kubwa ya dunia imeachana nayo, na mimi pia singeinunua ikiwa nyingine ipo.

MenAfriVac, ya A pekee. Imeandika historia, na ina sifa ambayo mtu wa nchi ya umeme wa kukatikakatika ataipenda: inaweza kukaa nje ya friji hadi siku nne, mradi joto lisizidi digrii 40. Lakini haina cha kumfaa mtu mzima anayesafiri leo. Usiitafute.

Ya makundi matano, Men5CV. Hii ndiyo ndugu mdogo aliyempita kaka. Imetengenezwa na Serum Institute ya India pamoja na shirika la afya la PATH, Shirika la Afya Duniani likaikubali Julai 2023, na Nigeria ikawa nchi ya kwanza kuitumia mwaka 2024. Ina A, C, W, Y na X, na hiyo X haimo katika chanjo nyingine yoyote iliyo sokoni. Bei yake kwa serikali ni karibu dola 3, wakati ACWY katika farmasi za Marekani huzidi dola 100 kwa dozi. Pendekezo kwa nchi za ukanda ni dozi moja kati ya miezi 9 na 18, na kampeni kwa watoto na vijana mahali penye hatari. Kwa Mwafrika ndiyo chanjo bora kwa mbali. Kasoro yake kwa wewe msomaji ni kwamba imetengenezwa kwa ajili ya mipango ya serikali na akiba ya dharura. Haijawekwa kwa ajili ya kabati la farmasi. Ikija kwenye kampeni ya bure mtaani kwako, simama foleni, usisubiri ya Ulaya.

ACWY iliyoshikanishwa na protini: Menveo, Nimenrix, MenQuadfi. Hii ni ya msafiri. Haina B wala X. Kati ya majina haya matatu singepoteza usiku kuchagua. Chukua ile ambayo friji yake unaiamini, kati ya digrii 2 na 8, na ambayo tarehe yake haijapita.

B: Bexsero na Trumenba. Hizi ni ukoo mwingine kabisa, zimejengwa kwa protini kwa sababu ganda la kundi B linafanana mno na chembe za mwili wetu. Uingereza huwapa watoto wachanga Bexsero tangu Septemba 2015, na miaka mitatu ya kwanza ugonjwa wa B ulipungua kwa robo tatu katika watoto wa umri ule. Lakini haimfukuzi bakteria kooni. Inamlinda aliyechanjwa tu, jirani yake hapati kitu. Zinahitaji zaidi ya dozi moja, na katika ukanda wa meninjite kundi B ni nadra.

Nani achukue nini

Mjomba hana la kuchagua. Baada ya milipuko ya kundi W iliyotoka kwa mahujaji mwaka 2000 na 2001, Saudia inadai cheti cha ACWY kwa hija na kwa umra. Achomwe angalau siku 10 kabla ya kufika. Hapa ndipo ile tofauti ya "conjugué" inakuwa pesa: cheti cha ile iliyoshikanishwa kinadumu miaka mitano, cha sukari tupu miaka mitatu. Na karte ya njano peke yake haitoshi, hata kama ndiyo tuliyozoea kuionyesha kwenye Barrière, yaani mpakani. Chanjo ya homa ya manjano haijui meningokoki ni nani. Niliyemwona akirudishwa kupanga upya safari alikuwa ameambiwa na wakala mmoja wa safari, ambaye jina lake naliacha, kwamba "chanjo zote ziko ndani ya kadi".

Mpwa wangu nilimwambia aende na mikono mitupu kuhusu ACWY, mradi asilale akifika. Uingereza, mwanafunzi mgeni wa chuo aliye chini ya miaka 25 hupewa ACWY bure, na mabweni mapya ni mahali pa kubadilishana mate, vikombe na bakteria. Kinachonitia wasiwasi kwake ni B, kwa kuwa ndilo kundi linalosababisha kesi nyingi zaidi kule sasa, na kijana wa umri wake hapewi bure. Akiwa na pesa, alipie. Akiwa hana, ajue dalili na asiogope kupiga simu usiku.

Mama Neema hapaswi kununua chochote. Mtoto wake bado ana dozi ya wiki ya 14 ya Penta na ya PCV-13, na hizo ni bure katika kituo cha afya cha karibu. Penta ina Hib, PCV-13 inakinga pneumokoki. Hazina meningokoki ndani yake, lakini kwa mtoto mchanga wa Goma hao wawili wana sababu zaidi ya kumfikia kuliko kundi W la Banalia. Alikuwa ameruka tarehe moja kwa ajili ya mvua. Anatafuta chanjo ya dola mia huku fishi (kadi ya chanjo) ya bure ina pengo.

Kuna mtu wa nne ambaye hakuniuliza, nami ninamtafuta: mzazi wa mtoto SS. Bandama la mtoto mwenye selimundu huchoka mapema, na bila bandama meningokoki na pneumokoki hupita kama barabara ya lami. Huyo ndiye mtu wa Goma ambaye ACWY, na B ikipatikana, zina haki ya kununuliwa kwa pesa ya familia hata kama hasafiri kokote. Aongee na daktari wake wa watoto. Vilevile mfanyabiashara anayekwenda Kisangani na kaskazini yake, au Nigeria, Niger na Chad kati ya Desemba na Juni: ACWY.

Na kambi je? Goma haiko ukandani, lakini Agosti 1994, baada ya kipindupindu, meninjite ya kundi A ililipuka katika kambi ya wakimbizi ya Kibumba. Msongamano ulifanya kazi ambayo vumbi la Sahel hufanya. Siwezi kumshauri mama wa kambini anunue ACWY. Chanjo ya mlipuko hutolewa na akiba ya kimataifa, ile ya ICG inayosimamiwa na WHO, UNICEF, MSF na Shirikisho la Msalaba Mwekundu, na huja pale kesi zinapohesabiwa na kupimwa. Kazi yetu ni kutoficha wagonjwa.

Namba ya pili, nyumbani kwako

Miaka kadhaa iliyopita binti wa familia yetu alitibiwa malaria siku mbili katika kliniki ndogo. Kipimo cha haraka kilikuwa kweli na mistari miwili. Hakuna aliyemwinamisha kichwa. Shangazi mmoja alishasema ni karuho, yaani sumu ya kutegewa na mtu, akaanza kumnywesha miti. Siku ya tatu alidegedeka. Aliishi, ila hasikii kwa sikio lolote.

Kuwa na malaria hakuzuii kuwa na meninjite. Homa ya ghafla na kichwa kinachopasuka, shingo isiyokubali kidevu kigusane na kifua, kutapika, kukimbia mwanga, kuchanganyikiwa: twende hospitali kubwa, sasa, kwa pikipiki ya kwanza inayopita. Kwa mtoto mchanga shingo inaweza kuwa laini tu. Tazama utosi uliovimba, kilio chembamba, kukataa ziwa. Madoadoa ya zambarau yasiyofutika ukiyabana kwa glasi yanaonekana vigumu kwenye ngozi yetu, hivyo geuza viganja, nyayo na ndani ya kope. Na daktari akitaka kutoa maji ya mgongo, mruhusu. Watu wanasema sindano ile inalemaza, kumbe wanaolemaa ni wale ambao ugonjwa ulitangulia. Maji yale ndiyo yanayotoa herufi, na bila herufi hakuna anayejua chanjo ipi iletwe.

Waliokaa chumba kimoja na mgonjwa waulize hospitalini kuhusu dawa ya kinga, mara nyingi siprofloksasini dozi moja. Waipewe na mganga, wasijinunulie barabarani.

Mjomba ameshachomwa. Mpwa amepanga kuuliza bei ya Bexsero akifika. Mama Neema alikwenda kituoni Jumatano na fishi yake, akarudi amekasirika kidogo kwa sababu mtoto alilia na hakulipa hata franga moja.